Nimesema Lini?

Nilimaliza kumsomea, nikaweka simu pembeni, nikasubiri.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, uso ameuelekeza mlangoni. Si bibi yangu wa damu, ila sijawahi kumwita jina jingine. Makala niliyomsomea ilimhusu baba yake, mmoja wa vijana waliochukuliwa mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Jioni tatu nilikuwa nimekaa naye, yeye akisimulia, mimi nikirekodi.

"Umeandika vizuri," akasema. Akanyamaza kidogo. "Na mimi nimesema lini, mjukuu wangu?"

Nilidhani hakusikia sawasawa. Nikaichukua simu, nikapekua makala kutoka juu hadi chini nimwonyeshe mahali pake. Nikakuta maneno ya ofisa wa Kiingereza, yametoka kwenye shajara yake. Nikakuta malalamiko ya daktari wa jeshi. Nikakuta hesabu za posho ya unga. Bibi nilimkuta mara mbili: "wazee wanasimulia kwamba", na chini zaidi, "kwa mujibu wa masimulizi ya familia".

Saa nne na ushei za sauti yake nilikuwa nazo. Sentensi yake hata moja haikuwemo.

Wiki sita sasa, na swali lile bado linalala nami na kuamka nami.

## Darasa ambalo sikukaa

Kama kuna mtu aliyenifundisha kuandika mambo ya kale yakasomeka, ni Adam Hochschild, mwandishi wa Kimarekani. Hanijui. Kwa miaka mingi alikuwa mhadhiri katika shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha California, kule Berkeley, na mimi darasani kwake sikufika. Nimemsoma tu, na kitabu kimoja nimekirudia mpaka jalada limeachana na kurasa: King Leopold's Ghost, cha mwaka 1998. Kinamhusu Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyeifanya Kongo mali yake binafsi na kuwalazimisha watu wake kuvuna mpira. Mengine mnayajua, sitayarudia hapa.

Usiku ule nilikitoa kabatini. Nilitaka kuona mwalimu alifanyaje pale nilipoanguka mimi.

Hochschild hakufika kwenye historia kwa njia ya wanahistoria. Alianza katika miaka ya 1960 kama ripota wa gazeti San Francisco, na mwaka 1976 akawa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Mother Jones. Kitabu chenyewe, anaeleza, kilianza na tanbihi. Alikuwa ndani ya ndege, anasoma kitabu kingine, jicho likaangukia maneno ya Mark Twain, mwandishi wa Kimarekani. Chini yake palielezwa kwamba Twain aliyaandika wakati wa harakati za kupinga kazi za kitumwa Kongo, na kwamba kazi hizo ziliua mamilioni ya watu.

Alishtuka. Alikuwa ameandika juu ya haki za binadamu kwa miaka. Na Kongo kwenyewe alishafika.

Mwaka 1961, akiwa mwanafunzi, alikuwa Leopoldville, Kinshasa ya leo. Huko alimsikia mtu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, pombe imemzidi, akieleza kwa kuridhika jinsi Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alivyouawa na mahali alipouawa. Kifo cha mtu mmoja alikisikia kwa masikio yake, pamoja na jina la mtu. Vifo vya mamilioni vilimfikia baadaye sana, kwa herufi ndogo, chini ya ukurasa.

Zamani nilipapita hapo nikistaajabia ufundi wa kufungua kitabu. Safari hii niliona jambo jingine: hata hapo mwanzoni kabisa, anayesimulia kifo cha Mkongo ni mtu wa CIA.

## Meli za Antwerp

Ukurasa ulionifanya niitake kazi hii ni ule wa karani bandarini.

Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya meli ya Liverpool inamtuma karani wake, Edmund Morel, akaangalie shughuli zake bandari ya Antwerp. Morel anatazama meli zinazotoka Kongo. Zinaingia zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zinatoka zimebeba maofisa, bunduki na risasi. Vitambaa vya kulipia mpira ule haviko. Shanga haziko. Hakuna kitu chochote ambacho mfanyabiashara angempa mtu badala ya mali yake. Karani anayasoma makaratasi ya shehena na anaelewa kwamba watu wa upande wa pili hawalipwi, wanalazimishwa. Kwa sababu ya kitu ambacho hakikupakiwa melini, maisha yake yanabadilika. Anaacha kazi, anaanzisha gazeti mwaka 1903, na mwaka unaofuata chama cha kupigania mageuzi Kongo.

Nimewasimulia watu kisa hiki mara nyingi sana. Nilikuwa naona nimekielewa.

Lakini usiku ule, makala yangu ikiwa wazi pembeni ya kitabu, niliisoma kama Morel alivyosoma meli. Kilichoingia: saa nne za sauti ya Bibi, chai yake, jioni zake tatu. Kilichotoka: ofisa, daktari, unga.

## Ufundi unavyopendelea

Ilinichukua siku nyingi kujua kwa nini, na jibu halikunifurahisha.

Uandishi wa aina hii unataka vitu vya kushikika. Unataka rangi ya matope, jina la mto, saa ngapi mvua ilianza. Mwandishi hawezi kuvibuni. Lazima avikute mahali. Na vinakaa wapi? Vinakaa kwenye shajara, kwenye barua kwa mke, kwenye ripoti kwa mkubwa wa kazi. Kwa hiyo ukitafuta mtu wa kumfuata katika simulizi yako, mkono unakwenda wenyewe kwa aliyeacha karatasi. Yeye anakupa asubuhi, anakupa mashaka yake, anakupa hata ndoto. Asiyeandika anakupa jumla jumla: tuliteseka, tulitembea, wengi walikufa.

Au ndivyo nilivyojiaminisha.

Hochschild analikiri tatizo hili waziwazi mwanzoni mwa kitabu: anapotafuta sauti za Wakongo wa wakati ule, kwa sehemu kubwa anakuta kimya. Wapo wasomaji waliomlaumu kwamba mashujaa wake wengi ni Wazungu na Wamarekani. Lawama hiyo ina uzito, na nadhani ufundi wake wenyewe una mkono ndani yake. Morel ni mhusika mzuri kwa sababu alikuwa hachoki kuandika. Lakini Hochschild hakuishia kukiri kimya. Alikwenda kupekua pembeni mwa kimya chenyewe, na hapo ndipo tofauti yake na mimi ilipoanza kuniuma.

Hakupekua peke yake. Aliyemtangulia alikuwa Jules Marchal, balozi wa Ubelgiji Afrika Magharibi katika miaka ya 1970, ambaye gazeti la Liberia lililotaja vifo milioni 10 lilimkera kama tusi kwa nchi yake. Aliomba wizarani apewe hoja za kulikanusha. Hakupewa. Akaanza kutafuta mwenyewe, akanyimwa majalada kwa miaka, akaishia kuandika chini ya jina la kubuni vitabu vilivyothibitisha yale aliyotaka kuyakanusha. Nampenda sana mzee huyu, na siku moja nitamwandikia makala yake peke yake.

(Kuhusu hiyo milioni 10, kwa kuwa kila nikiitaja hapa huja ubishi: hakuna aliyehesabu maiti. Ni makadirio kwamba watu wa Kongo walipungua kwa nusu hivi kati ya 1880 na 1920, yakilinganishwa na hesabu ya watu ya mwaka 1924. Ndani yake wamo waliopigwa risasi, waliokufa kwa njaa na maradhi, na watoto ambao hawakuzaliwa. Hochschild anayaeleza haya, na wanaomnukuu huyaruka.)

## Vijiti 110

Mwezi Agosti 1908, kabla Leopold hajaikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, matanuri yaliteketeza nyaraka za dola yake mjini Brussels kwa siku nane. Waliochoma walijua karatasi ni nini.

Hata hivyo zipo zilizosalia. Mwaka 1904 Leopold mwenyewe, amebanwa na kelele za dunia, alikuwa ametuma tume ya uchunguzi. Tume ikakaa, Wakongo wakaja mbele yake wakasema. Ripoti ilitoka, maneno yao yenyewe yalifungiwa. Watafiti hawakuruhusiwa kuyasoma mpaka miaka ya 1980.

Katika maneno hayo yumo Lontulu, chifu wa Bolima. Alikuja mbele ya tume na vijiti 110, akaviweka mezani. Kila kijiti ni mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Alivigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akaanza kuvitaja, kijiti kimoja kimoja, kila kimoja na jina lake.

Nilisoma hapo nikafunga kitabu.

Mtu huyu hakuwa na jumla jumla. Alikuwa na hesabu kuliko karani yeyote. Alikuwa na fahirisi nzima mkononi, na hakuhitaji wino. Tume ilichohitaji kufanya ni kunyamaza wakati anataja.

Nikakumbuka sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi na Dar es Salaam baada ya vita vile vya baba yake Bibi. Zina maandishi ya Kiswahili pia. Wachukuzi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi, na inaahidiwa kwamba atakayekufa akipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Miguu na mikono. Kinywa hakikutajwa.

Hapo nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu: Mzungu mwenye kalamu. Yeye ndiye aliyenizoesha kusikiliza upande mmoja. Ningeweza kuimaliza makala hii wiki tatu zilizopita na mngeniunga mkono.

## Mswahili mwenye kalamu

Kilichonizuia ni Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa Zanzibar.

Yumo katika kitabu cha Hochschild, kama mnavyotarajia. Mwaka 1887 alipewa uwali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ile ile ya Leopold. Lakini mimi nina kitabu chake mwenyewe pia, Maisha ya Hamed bin Muhammed. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayageuza hati za Kirumi. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu. Shuleni tuliambiwa tujivunie.

Basi hapa kimya hakuna. Hapa kuna mtu wa Zanzibar, anasema kwa lugha yangu, kwa maneno yake, ufasaha wa kutamanisha. Nilikifungua nikiwatafuta wapagazi wake. Wamo. Wamo kama pembe zilivyomo, kwa idadi. Anasimulia walivyomtoroka na alivyowakamata akawafunga minyororo, na anasimulia kama mtu anayeeleza safari ilivyocheleweshwa na mvua.

Hakuna mpagazi anayesema.

Kwa hiyo kalamu ilikuwa mkononi mwa Mwafrika, Kiswahili kilikuwa chetu, na bado aliyebeba mzigo hakuwa na kinywa. Hata neno lile, chicotte, ambalo Hochschild analieleza kwa kurefusha, mjeledi wa ngozi ya kiboko iliyokaushwa juani na kukatwa ukanda, sisi hatuhitaji kuelezwa. Mnyama tunamwita kiboko, na mjeledi tunauita kiboko. Neno limekaa nyumbani mwetu tangu zamani, na tunawatishia nalo watoto.

Siku mbili sikuandika kitu.

## Shaba

Kuna kitabu cha Hochschild ambacho nilikuwa nakipita. Ni cha mwaka 1986, juu yake na baba yake. Baba huyo, Harold Hochschild, aliongoza kampuni kubwa ya madini iliyokuwa na hisa katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Miaka kumi na miwili kabla ya kuandika juu ya utajiri ambao mfalme aliuchota Afrika, mwana aliandika juu ya nyumba ambayo shaba ya Afrika ilisaidia kuijenga, na juu ya ugumu wa kumpenda aliyeijenga.

Nilikuwa nakipita kwa sababu nilikiona kitabu cha ujana, cha kabla hajaanza kazi kubwa. Sasa naona nilikosea. Alianzia nyumbani kwao. Sijui kama bila hicho angeweza kuandika hiki kingine. Mimi naamini asingeweza.

Nami ninayo nyumba yangu.

Katika rekodi ya jioni ya tatu, kama saa moja kasoro kabla ya mwisho, Bibi anaeleza jinsi vijana walivyokusanywa. Waingereza walikuwa wametaka idadi, na idadi ilipaswa kutolewa na majumbe. Sauti yake haibadiliki. Anasema: "Jumbe alikuja alfajiri na watu wake. Alimfunga kamba baba mwenyewe, kwa mkono wake." Kisha anamtaja jumbe.

Ni babu wa baba yangu.

Nililisikia jina nikiwa nimekaa mbele yake. Nilirudia kulisikia nikiandika. Na nilijiambia maneno ambayo mwandishi hujiambia: chanzo ni kimoja, hakuna hati ya kuthibitisha, ni masimulizi ya mkono wa pili. Shajara ya ofisa ilikuwa chanzo kimoja pia. Hiyo sikuidai hati nyingine.

Kila nikijaribu kumnukuu Bibi mahali pengine, kuhusu njia, kuhusu njaa, nilikuwa nakaribia pale. Ukimpa mtu kinywa huwezi kumchagulia sentensi. Basi nikamweka kwenye "wazee wanasimulia", na ofisa akajaza nafasi.

Wiki zote zile nilikuwa nakisoma kitabu cha Hochschild nikitafuta kosa la ufundi. Kosa la ufundi lilikuwepo, na nimelieleza hapo juu kwa dhati. Lakini lilinifaa. Lilinipa mahali pa kujificha.

## Jioni ya nne

Nilikwenda Jumamosi iliyopita. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha mkeka.

Nikamwambia: "Bibi, nimesikia ulichosema juu ya jumbe."

"Nilijua umesikia. Si ulikuwa umekaa hapo hapo?"

"Hukunikasirikia?"

"Nikukasirikie wewe, kwani ulikuwepo?" Akavuta khanga mabegani. "Nilitaka nione utaliweka wapi."

Sikuwa na la kusema, nikawasha simu irekodi. Safari hii niliuliza maswali ambayo sikuwahi kumuuliza, yale ambayo shajara ilikuwa inanijibu bila kuulizwa. Baba alivaa nini asubuhi ile? Kamba ilikuwa ya nini? Alikuambia harufu ya ile njia? Akanijibu. Kamba ilikuwa ya ukindu, ile ile ya kufungia mbuzi. Alitoka na shuka moja, na aliporudi alirudi na ile ile. Kwenye njia baba yake alikuwa akijua mto unakaribia kwa sababu waliotangulia walikuwa wanaanza kuimba, na akijua kuna maiti kwa sababu walikuwa wananyamaza. Nilikuwa nimeamini kwamba masimulizi ya namna hii hayana vitu vya kushikika.

Akaniambia nitoe daftari, si simu. Nikaandika jina la baba yake, la babu yake, na la baba wa babu yake, yeye akinitajia polepole. Akaomba alione. Akalitazama kwa muda, kidole kikipita juu ya herufi. Jina hilo hamtalisoma hapa. Amesema likae kwenye daftari kwanza, mpaka ndugu zake waliobaki waulizwe. La jumbe alisema ni la kwetu, niulize kwetu. Baba yangu nimeshamuuliza. Bado hajanijibu.

Kabla sijaondoka nilimsomea nilichokuwa nimeandika, neno kwa neno. Nilifika hapa: "Baba alisema sanduku la risasi ni dogo machoni, lakini linaingia shingoni likakaa humo hata baada ya kulitua."

Akainua mkono kunisimamisha.

"Sikusema shingoni. Nimesema utosini."

Nikakata, nikaandika utosini.

"Soma tena," akasema.